Mshale wa Uzito wa Yai

Mizani yangu ni ya keki. Ni mizani ndogo ya betri, ina kioo juu na namba mbele, na kazi yake ni unga, sukari, siagi na kakao, basi. Naoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa nyumbani kwangu mtaa wa Fedha, na yeyote anayeigusa mizani hiyo bila kuniuliza hunijua mimi ni nani siku hiyohiyo. Kwa hiyo asubuhi ile ndugu yangu alipoingia jikoni, akasukuma bakuli langu kando na kulaza mshale juu ya kioo, niliinua mwiko. Haki ningemtwanga. Lakini nilimwangalia usoni nikaushusha, maana alikuwa na uso wa mtoto anayengoja kuitwa ndani.

"Dada, hebu soma," akasema.

Mizani ilisoma gramu ishirini na saba. Nikamwambia hiyo ni nusu yai. Mimi hupima vitu vyote kwa mayai. Yai la saizi ninayonunua ni gramu hamsini na kitu, na ukishaoka miaka kadhaa unaacha kufikiria gramu, unafikiria mayai. Akavuta stuli, akakaa, akaniambia kwamba kwa kazi anayoendea, mshale haufai kupungua yai zima. Nilimuuliza nani kamwambia. Akasema ni watu anaofanya kazi nao. Nikamuuliza basi huu wa nusu yai ni wa nani. Hata swali halikuwa na haja. Kwetu anayetengeneza mishale ni mtu mmoja tu, na huyo ni baba yetu.

Ndugu yangu ndiye kitinda mimba. Mimi ndimi wa kwanza, na waliokuja katikati yetu Mungu aliwachukua wachanga, kwa hiyo huyu nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagusa magoti yangu. Alipokuwa mkubwa akaenda zake nchi moja ya kusini mwa Afrika, akapata kazi kwenye shamba la wanyama. Huko si kama hapa kwetu, ambako uwindaji ulipigwa marufuku zamani. Huko mtu akiwa na kibali anawinda, na wageni husafiri kutoka mbali kwa ajili hiyo, wengine na bunduki, wengine na upinde. Alianza kwa kuchuna ngozi. Baadaye wakagundua ana jicho la nyayo, wakamfanya mfuata nyayo. Kisha mwenye shamba akamwita akamwambia kwamba wageni wa upinde wanataka kuongozwa na mtu ambaye yeye mwenyewe amewahi kuangusha nyati kwa upinde. Palikuwa na dume mzee aliyefukuzwa na kundi, kibali chake kilikuwa tayari. Akimwangusha, atakuwa kiongozi wa wawindaji. Asipomwangusha, arudi kwenye kisu na ngozi.

Alikuja likizo kutueleza habari hizo, anang'aa meno yote. Mimi katika maneno yote hayo nilisikia neno moja tu, nyati. Nilimuuliza kama huko hakuna swala.

Sasa kwa nini asitumie mishale ya hukohuko, ya dukani? Hapo ndipo pa kuelewa watu wetu. Sisi ni wa Ukambani, upande wa nyika, kule ambako mvua ikinyesha ni habari. Kwetu kijana haendi kwa mnyama mkubwa na mshale wa mgeni. Mshale wa kwanza wa mnyama mkubwa hutoka mkononi mwa baba, una alama ya ukoo iliyokwaruzwa kwenye chembe, kile chuma cha mbele. Alama hiyo si pambo. Mnyama akianguka, alama ndiyo inasema nyama ni ya nani. Na mnyama akijeruhiwa tu, akaenda akaumiza mtu mwingine njiani, alama hiyohiyo ndiyo inasema nani atajibu. Ndugu yangu amezaliwa mjini, Kariobangi, Kikamba chake ni cha kuombea chumvi, lakini kwa hilo hakutaka mchezo. Alimwomba Baba upinde na mishale.

Baba ni mchonga vinyago. Karakana yake iko Kariobangi, banda refu la mabati lenye mlango wa mbele unaotazama barabara na wa nyuma unaofungukia uwanja wa muuza mbao. Analala chumba cha nyuma. Nimemwambia mara nyingi ahamie kwangu Fedha, ananiambia kwangu kunanukia vanila, mtu mzima hawezi kulala ndani ya keki. Anachonga twiga, na anatengeneza pinde na mishale ya kuuzia watalii, vitu vya kuning'iniza ukutani. Lakini kabla ya marufuku, alipokuwa kijana, aliwinda kwelikweli, na ombi la ndugu yangu lilimfanya asimame wima kuliko nilivyowahi kumwona tangu Mama afariki. Aliacha twiga wakiwa hawana masikio. Alichonga upinde ambao mimi siwezi kuuvuta hata nikiukanyaga. Kisha akaanza mishale, na akaitengeneza myembamba, miepesi, ya kupendeza. Alikuwa akiulaza kila mmoja juu ya kidole, akiurusharusha kidogo kiganjani, akikwangua hapa na pale kwa kipande cha chupa mpaka aridhike.

Nilikuwapo siku aliyomfundisha ndugu yangu. Alimwambia, "Mshale ni tarishi. Kazi yake ni kufika. Tarishi humtwiki gunia."

Na kijana akaitikia, ndiyo Baba, ndiyo Baba, huku anajua vizuri kwamba huko anakokwenda wanataka mshale mzito. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa jikoni kwangu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mzee palepale. Akanijibu, "Nimwambie Baba hajui mshale?"

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wetu alikuwa amelisikia la mkuu mpaka alikuwa tayari kuvunjika mgongo. Nilivua aproni. Keki ya watu niliiacha mbichi mezani, jambo ambalo sifanyi, na nikamwambia twende Kariobangi saa hiihii, na kama yeye hana mdomo, mimi ninao wa kutosha wawili.

Tulimkuta Baba ameketi kwenye benchi anakata ngozi laini ya mbuzi kuwa kanda nyembamba. Alikuwa akizungushia kila chembe ukanda mmoja, kwa utaratibu, anafunga na kufungua ili aone kama unabana. Aliniita Mami, kama anavyoniita siku zote, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Kabla sijafungua mdomo wangu niliokuwa nimejisifia, yeye ndiye aliyeuliza. Alimwangalia ndugu yangu akamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu anayepanga safari, "Na dawa mtapikia wapi huko?"

Dawa ni sumu. Baba hajawahi kuiita sumu hata siku moja. Ni ile iliyokuwa ikichemshwa kutokana na miti ya nyikani, mbali na nyumba, mbali na watoto, mpaka iwe nyeusi na nzito, kisha inapakwa kwenye chembe na kufungwa ngozi ili isikauke na isimguse mwenyewe. Ndipo nikaelewa zile kanda. Na ndipo nikaelewa wepesi wote ule. Mshale wa Baba haukuwa umetengenezwa kuua. Ulitengenezwa kupenya ngozi kidogo tu, ukaache dawa, basi. Dawa ndiyo iliyokuwa ikiua. Mtu aliyekuwa na dawa alihitaji mshale unaofika mbali na kupiga shabaha, hakuwa na haja ya mshale unaovunja mbavu.

Ndugu yangu alizitazama zile kanda. Mimi nikamkanyaga mguu.

"Hakuna dawa, Baba," akasema. "Ni marufuku. Ukipatikana nayo unafungwa."

"Sasa nyati anakufa na nini?"

"Na chuma chenyewe. Kinatakiwa kiingie ubavuni kipite mapafu yote mawili."

Baba alifungua ule ukanda aliokuwa amefunga. Akafungua na mwingine. Akaiweka mishale yake yote pamoja juu ya benchi, akaitazama, akasema, "Basi nimekuchongea vijiti vya kuchokolea meno." Alisema kwa kicheko kidogo, na kicheko hicho kiliniuma kuliko angetukana. Kisha akachukua twiga mmoja na msasa, akawa anamsugua shingo. Alimsugua mpaka nikaogopa ingekatika.  Tulimwachia bakuli la muthokoi wa mahindi na maharagwe nililokuwa nimembebea, tukaondoka, na ndani ya moyo wangu nilikuwa nimemkasirikia kila mtu: ndugu yangu kwa ukimya wake, mwenye shamba kwa nyati wake, na hata Baba, kwa kuwa mtu mwenye umri ule bado anaweza kuaibika kama mtoto mbele yangu.

Siku mbili hivi hakupokea simu. Halafu akanipigia mwenyewe, bila salamu, akaniambia nilete mizani, nilete na mayai. Nikaifunga mizani yangu kwa taulo, nikaipakata njia nzima.

Alikuwa ameamka na wazo la mpingo. Mchonga vinyago hakosi vipande vya mpingo, vile vinavyobaki wakati kinyago kimetoka, na mpingo ni mti mzito, ukiutupa majini unazama. Alikuwa ameunga mpingo upande wa mbele wa mshale na kuacha mti mwepesi nyuma, ili uzito ukae mbele unakokwenda. Chembe nazo alikuwa amezibadilisha. Fundi wa vyuma wa jirani alimpigia nyingine pana kutoka kwa springi ya gari kuukuu. Baba hakuiamini mizani. Alichukua yai kwa mkono wa kushoto na mshale kwa mkono wa kulia, akafumba macho, akasimama hivyo katikati ya karakana, mzee wa watu na yai lake. Akaniambia, "Sawasawa." Nikaweka mshale kwenye mizani. Ulikuwa mwepesi kuliko yai. Akaongeza mpingo, akafumba macho tena, akasema sasa ni sawasawa. Bado ulikuwa mwepesi. Kila mara mkono wake ulikuwa unamvuta upande uleule, kwa sababu mkono ule ulifundishwa wepesi ukiwa bado mchanga. Mwishowe akaweka yai chini, akasema haya, soma wewe Mami, mimi mkono wangu ni mwongo. Nikasoma. Tukafika yai zima, tukapita kidogo.

Jumapili baada ya kanisa tulijaribu, mafundi wa jirani wakiwa wamefunga. Nilikuwa nimekwenda soko la nyama la Burma mwenyewe kununua mbavu za fahali, upande mzima, na ngozi mbichi yake. Mwenye bucha aliniuliza hiyo ni supu ya watu wangapi. Nikamwambia si supu, ni ya kupiga mishale. Alicheka akaniambia wanawake wa siku hizi tumechoka na waume, akanikatia. Baba aliziegemeza mbavu juu ya benchi, hatua chache kutoka alipo twiga mkubwa asiyepata mnunuzi, akazifunika kwa ngozi, nyuma yake akaweka gunia la vumbi la mbao lililolowa maji. Ndugu yangu akasimama katikati ya karakana na upinde.

Mshale wa kwanza ulikuwa ule wa nusu yai. Uliondoka kwa kasi ya ajabu, ukapiga palepale alipotaka, na ukakwama kwenye ubavu. Uti wa mshale ukapasuka. Ngozi ilitoboka, ubavu ukakwaruzika, kwisha. Baba alikwenda akagusa mahali pale kwa kidole. Mshale wa pili ulikuwa wa yai zima. Huo hata mlio wake ulikuwa tofauti, ulienda polepole mpaka niliuona ukipita. Ulipita ngozi, ukavunja ubavu, ukaingia guniani mpaka manyoya yake ya nyuma yakashika mfupa. Nilipiga vigelegele kidogo, nikajinyamazia, maana hakuna aliyenifuata.

Baba alimwambia ndugu yangu atoke nje, arudi nyuma uwanjani kwa muuza mbao, apige kutoka huko kupitia mlango. Kijana akaenda mpaka kwenye ukuta wa mwisho. Kutoka huko mshale mwepesi ulifika, ukagonga ngozi, ukaanguka. Ule mzito haukufika kabisa. Ulizama njiani ukachoma udongo kwenye kizingiti. Baba akamwashiria asogee. Akapiga tena, ukagonga mguu wa benchi. Asogee. Asogee tena. Alisogea mpaka akavuka mlango, akaingia ndani, ndipo mshale mzito ukapita mbavu vile inavyotakiwa. Baba alikwenda pale miguu ya mwanawe ilipokuwa, akachora mstari kwa ncha ya kiatu. Akauangalia mstari, akaangalia mbavu. "Ni hapa?" akauliza.

"Hapo, Baba. Ama ndani zaidi."

Baba akarudi kwenye benchi, akachukua ile myepesi, akaanza kuikusanya kwenye gunia la kusafiria. Akamwambia mwanawe utaenda na hii. Nilidhani sikusikia. Nilimwambia Baba, umeona mwenyewe kwa macho yako, ule hauvunji hata ubavu wa ng'ombe wa bucha. Akaendelea kukusanya. Sasa mimi hasira zangu hazina breki, kila mtu wa kwetu anajua. Nilimuuliza mbele ya mwanawe kama anataka kumuua mtoto ili tu mshale wake usiaibike.

Aliketi. Hakunikemea, nami ningependa angenikemea. Alisema kwamba yeye hajawahi kumsogelea nyati aliye hai, na mtu mwenye akili timamu hamsogelei. Walikuwa wakimpiga kutoka mbali, kisha wanapanda mwambani, wanakaa huko kutwa nzima wakingoja dawa. Rafiki yake mmoja, aliyetahiriwa pamoja naye, alichoka kungoja. Alishuka kwenda kutazama kama mnyama ameshalala. Mnyama hakuwa amelala. Baba aligeuza tu mkono wake kiganja juu.

"Siogopi kwa ajili ya mshale," akasema. "Huo mwepesi unamwacha mbali. Huo wenu mzito unamtaka mtoto aende mpaka pale." Akaonyesha mstari.

Basi hapo hasira yote ilinitoka. Siku zile zote nilikuwa nikifikiri tunabishana juu ya gramu. Kumbe ukichagua uzito wa mshale unachagua mahali pa kumsimamisha mtu. Nusu yai, asimame kule ukutani. Yai zima, asimame hapa ndani, mbele ya uso wa mnyama. Na ningekuwa mimi ndiye ninayechonga, na mtoto ni wangu, ningechonga mishale ya manyoya matupu.

Lakini ilibidi mtu aseme, na ndugu yangu asingesema. Nikachutama mbele ya Baba nikamwambia kwamba kule mbali hakuna tena usalama. Usalama wa mbali ulikuwa ni wa dawa, na dawa haipo. Nikamwambia, "Akimpiga kwa huo mwepesi akiwa mbali, nyati ndiye atakayesogea."

Baba aliinuka. Aliniambia nichukue zile mbavu nikapike, nyama haitupwi. Tulikula mbavu zenye matundu, nikitoa vipande vya mti kwenye mchuzi.

Mishale mizito alimalizia, kwa mpingo na chembe pana, lakini alama hakuitia. Nilikwenda mara mbili kuangalia. Chembe zilikuwa tupu. Ndugu yangu naye aliziona tupu, akafunga mzigo wake, na nilijua anaumia, kwa sababu mshale usio na alama ni kama mtoto asiye na ubini. Asubuhi ya safari yake tulikuwa Fedha, teksi imeshafika chini, Baba akabisha mlango. Yeye ambaye haji kwangu kwa sababu ya vanila. Aliketi sakafuni pale sebuleni na viatu vyake, akafungua mzigo, akatoa msumari mfukoni, akakwaruza kila chembe. Mistari miwili na nukta. Dereva alipiga honi, nikafungua dirisha nikamwambia maneno yake. Baba hakuharakisha. Alipomaliza wa mwisho akasimama, akamtemea mwanawe mate ya baraka kifuani, akamwambia, "Kama hujafika kwenye mstari, usiachie. Rudi tu nyumbani. Kuchuna ngozi nako ni kazi."

Baada ya hapo hakuuliza tena habari zake. Mimi nilikuwa nauliza kila saa. Nilichoma keki mbili, nikaweka chumvi mahali pa sukari katika ya tatu. Nilikuwa nikifika Kariobangi namkuta amechonga nyati. Mchonga twiga yule, sasa nyati tu, wadogo, wakubwa, wamejaa kwenye rafu, wote wanamtazama mtu. Wauzaji wake wakamlalamikia kwamba watalii wanataka twiga. Akawaambia wachukue wanachokikuta.

Simu ilikuja mchana, nikiwa nampakulia chakula. Niliweka spika nikaishika katikati yetu. Ndugu yangu alikuwa akipumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi. Alisema dume amelala, na yeye ni mzima, hana hata mkwaruzo. Nilianza kulia hapohapo, sahani mkononi. Alieleza kwamba siku ya kwanza nyati alisimama ubavu wazi, lakini mbali, umbali ambao ule mwepesi ungefika. Akasema, "Baba, ningekuwa nao ningeachia. Kidole kilikuwa kinawasha." Akauteremsha upinde, nyati akaenda zake. Siku iliyofuata hivyohivyo. Alijibanza, akatambaa, upepo ukambadilikia, akaanza upya. Mpaka leo asubuhi. Mshale ukaingia upande huu ukatokea upande wa pili, nyati akakimbia kidogo, akasimama, akaanguka, na alama ya Baba wameikuta kwenye majani ina damu.

Nilimngoja Baba apige makofi, aseme lolote. Aliinamia simu, akauliza jambo moja tu. "Mlikuwa mbali kiasi gani?"

Ndugu yangu akajibu, "Unakumbuka ule mstari, Baba? Ndani ya mstari. Kama pale yule twiga mkubwa anaposimama."

Baba akasema vizuri, mwanangu, Mungu akubariki, na simu ikakatwa. Nilijipangusa macho. Nilimwambia sasa tule, mambo yamekwisha, mwanao ni kiongozi. Lakini yeye aliinuka, akaenda kusimama mbele ya benchi, mahali zilipokuwa zile mbavu, akanigeukia.

"Mami, nenda kasimame kwa yule twiga."

Nikaenda. Mstari wake bado ulikuwepo sakafuni, umefifia, nikauvuka nikasimama kwa twiga. Tulitazamana. Ilikuwa karibu mno. Nilikuwa sijauona ukaribu huo nilipokuwa natazama mishale. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Aliniangalia uso mzima.

"Una unga kwenye nyusi," akasema, wala hakuinua sauti.

Kisha akanyoosha mkono na kunipungia niende nyuma. Nilirudi mpaka kwenye mstari. "Rudi nyuma, Mami." Nilirudi mpaka mlango wa nyuma, nikadhani imetosha, nikasimama. Hakuwa amemaliza. Nilitoka nje nikaenda kinyumenyume katikati ya mbao za watu, muuza mbao akiniuliza kulikoni, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa mwisho wa uwanja, na kule ndani, akionekana mdogo, Baba bado alikuwa ananipungia mkono nirudi nyuma zaidi.